Kujuta au kutubu? Mbona Sauli alisema "nimekosa" na bado akakataliwa

MwanafunziWaNeno

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Naomba msaada wa waliosoma Maandiko kwa undani. Katika 1 Samweli 15 mfalme Sauli anasema "nimekosa", tena mara mbili, mstari wa 24 na wa 30. Katika 2 Samweli 12:13 Daudi anasema karibu neno hilohilo, na papo hapo nabii Nathani anamjibu kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Kwa macho ya kibinadamu kosa la Daudi ndilo zito zaidi: alizini na mke wa mtu, kisha akapanga mume auawe. Sauli yeye, aliyeamriwa kuwaangamiza Waamaleki na vyote walivyo navyo, alibakiza mifugo na mfalme wao mmoja.

Maswali yangu ni haya. Kuna tofauti gani hasa kati ya kujuta na kutubu? Unyenyekevu mbele za Mungu ni hali ya moyo tu, au kuna kitu mtu anafanya? Mtu akishatubu kwa Mungu, bado anadaiwa na binadamu aliyemkosea? Na la mwisho, ambalo limewaelemea wengi: anayetubu dhambi ileile kila wiki, toba yake ni ya kweli?

Nitashukuru nikipata majibu yenye mafungu ya Maandiko na hatua ambazo mtu anaweza kuzifuata.

---

MwalimuWaMaandiko

Amina, ndugu. Swali la Sauli na Daudi ndilo linalofungua hayo mengine, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Isome ile sura ya 15 taratibu, usirukie mstari wa 24. Nabii Samweli anapofika, Sauli ndiye anayetangulia kusema, na anasema ameitimiza amri ya Bwana (mstari wa 13). Samweli anamwuliza: basi huu mlio wa kondoo masikioni mwangu ni nini? Sauli anajibu kwamba ni watu waliowaacha hai walio wazuri, ili wamchinjie Bwana, "Mungu wako". Hasemi Mungu wangu. Anabanwa mara ya pili, anashikilia kwamba ametii, na nyara zilitwaliwa na watu (20–21). Ni baada ya kusikia kwamba ufalme umemtoka ndipo "nimekosa" linapotoka kinywani, nalo linatoka na mkia: aliwaogopa watu. Mstari wa 30 ndio unaofunua moyo wote: "Nimekosa, walakini uniheshimu sasa, tafadhali, mbele ya wazee wa watu wangu." Kinachomuuma ni sura yake mbele ya wazee.

Daudi sasa. Tusimpambe: Nathani alipomjia, mtoto alikuwa ameshazaliwa, maana yake Daudi alikaa na siri ile kwa miezi mingi. Kwa hiyo tofauti yao haiko katika nani alitubu mapema. Iko katika kilichotokea baada ya kuguswa. Jibu la Daudi katika Kiebrania ni maneno mawili tu, kwa Kiswahili "Nimemfanyia Bwana dhambi." Hakuna "lakini". Hakuna mtu wa pili ndani ya sentensi. Hata Bathsheba hatajwi. Haombi heshima yake ibaki. Ukitaka kuujua unyenyekevu ulivyo, utazame hapo kwanza: ni pale mtu anapoacha kujitetea mbele za Mungu.

Maandiko yana watu wengi waliosema neno hili. Farao alilisema wakati wa mvua ya mawe (Kutoka 9:27), tena akakiri kwamba Bwana ni mwenye haki. Ungamo zuri kabisa, kama ungeishia hapo. Mstari wa 34 unasema alipoona mvua na mawe vimekoma, alizidi kufanya dhambi. Toba iliyoletwa na maumivu tu inapimwa siku maumivu yanapokwisha.

Sasa maneno yenyewe. Agano la Kale linatumia hasa neno *shuv*, ambalo ni neno la kawaida la barabarani: kurudi, kugeuka ulikotoka. Manabii wanapolia "rudini", ni hilo. Lipo pia *nacham*, lenye maana ya kughairi na kuhuzunika. Agano Jipya lina *metanoia*, kugeuzwa nia, na lina kitenzi *metamelomai*, kujuta. Yuda, yule aliyemsaliti Yesu, katika Mathayo 27:3 ametumiwa hiki cha pili. Lakini nawasihi msijenge mafundisho yote juu ya tofauti ya maneno haya mawili, kama wafanyavyo wahubiri wengi, maana kitenzi hichohicho cha Yuda kimetumika kwa heri katika Mathayo 21:29, kwa yule mwana aliyemkatalia baba yake kisha akabadilika akaenda shambani.

Tofauti ya kweli iko katika njia aliyoshika Yuda. Tazama alichofanya: alihuzunika. Aliungama waziwazi, "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia." Alirudisha vipande 30 vyote vya fedha. Huzuni, ungamo, malipo: vyote vitatu vipo. Ila alivipeleka kwa makuhani wakuu, nao wakamjibu kwamba hayo hayawahusu. Petro alimkana Bwana mara tatu, akatoka nje akalia kwa majonzi, na baadaye, aliposikia kwamba aliyesimama ufukweni ni Bwana, alijitupa baharini kumwendea (Yohana 21:7). Mmoja alibaki na dhambi yake mikononi, mwingine aliipeleka kwa aliyemkosea. Kutubu ni kurudi *kwake*. Bila huko kurudi, majuto yanamla mtu, na hicho ndicho Paulo anachokiita huzuni ya dunia ifanyayo mauti (2 Wakorintho 7:10).

Ukiendelea hadi mstari wa 11 wa sura hiyo utakuta dalili saba za huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu: bidii, kujitetea, kukasirika, hofu, shauku, kujitahidi, kisasi. Neno "kujitetea" lisikuchanganye ukadhani ni kule kwa Sauli. Wakorintho walijisafisha kwa kulishughulikia jambo lenyewe, na "kisasi" ni kuhakikisha haki imetendeka. Ni orodha ya watu walioinuka. Hakuna hata dalili moja inayomwacha mtu amekaa chini analia.

---

MzeeWaKanisa

Mwalimu ameeleza vizuri. Naongeza upande wa namna ya kuungama, maana hapo ndipo wengi tunapopotea bila kujua.

Hosea 14:2 inasema, "Chukueni maneno pamoja nanyi, mkamrudie Bwana." Maneno yanahitajika. Linganisha sala hizi mbili:

"Ee Bwana, unisamehe kama kuna mahali nimekukosea leo."

"Ee Bwana, leo nimesema uongo juu ya mwenzangu mbele ya watu watatu. Nilijua si kweli. Nilitaka yeye aonekane hafai ili mimi nionekane nafaa."

Ya kwanza haina dhambi ndani yake, ina "kama". Ya pili ina tendo, ina waliosikia, ina nia iliyokuwa nyuma ya tendo. Neno la Kigiriki la kuungama katika 1 Yohana 1:9 maana yake ni kusema jambo moja na mwingine, yaani kuliita kosa lako kwa jina analoliita Mungu. Wizi usiite "kuazima". Usengenyaji usiuite "ombi la maombi".

Zaburi ya 51 ni shule nzima ya jambo hili. Mistari miwili ya kwanza ina maneno matatu ya Kiebrania kwa dhambi: uasi, upotovu (kitu kilichopinda), na kukosa shabaha. Na vitenzi vitatu: kufuta, kama maandishi, kuosha, na hapa neno ni lile la kufua nguo, na kutakasa, neno la hekaluni. Baadaye, mstari wa 14, Daudi anaitaja damu. Hakubaki kwenye "makosa yangu" kwa ujumla.

Mstari wa 16 nao husomwa haraka sana. Daudi anasema Mungu hapendezwi na dhabihu, la sivyo angeitoa. Sababu imo ndani ya torati. Adhabu ya uzinzi ilikuwa kifo (Walawi 20:10), na kwa mwuaji fidia ilikatazwa kabisa (Hesabu 35:31). Daudi hakuwa na mnyama wa kupeleka. Alifika mikono mitupu, ndipo akasema, "Dhabihu za Mungu ni roho iliyovunjika." Mtu aliyevunjika hivyo hana cha kubadilishana na Mungu.

Kuhusu nani aambiwe, kipimo cha wazee wetu ni hiki: ungamo lienee kadiri dhambi ilivyoenea. Uliyowaza moyoni, mwambie Mungu. Uliyomtendea mtu mmoja, mwendee huyo. Uliyotenda mbele ya kusanyiko, yasemwe kwenye kusanyiko. Kosa la kwanza ni kuungama pungufu, mtu anamlilia Mungu usiku kwa jambo ambalo jirani yake anangoja alisikie. Kosa la pili ni kuungama kupita kiasi. Usimwendee mtu asiyejua chochote ukamwambia "nimekuchukia miaka mitatu". Utajitua mzigo wewe, umtwike yeye. Na ukiungama mbele ya watu, sema yako. Usitaje jina la mliyeshirikiana naye.

---

Katekista

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimefurahi kuona mada hii. Kwa upande wa Kanisa Katoliki naweza kuweka hatua zilivyo, na ndugu wa madhehebu mengine wataona pale tunapokubaliana.

Katekesi huhesabu mambo matano kwa mwenye kutubu: kutafiti dhamiri, kujuta, kukusudia kuacha dhambi, kuungama, na kutimiza malipizi. Mpangilio huo si wa bahati. Anayeungama kabla ya kutafiti husema juujuu, na anayejuta bila kukusudia kuacha amejihurumia tu.

Katika kutafiti dhamiri, pitia Amri Kumi moja moja, na katika kila moja uliza pande mbili: nimefanya nini, na nimeacha kufanya nini. Upande wa pili ndio unaosahauliwa. Ignasi wa Loyola alipanga utafiti wa kila siku kwa hatua tano ambazo hadi leo zinatumika: kumshukuru Mungu, kuomba mwanga wa kuzijua dhambi, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, na kukusudia kujirekebisha. Kushukuru kunatangulia kwa sababu nzuri. Ukianza na makosa kabla ya kukumbuka ulivyotendewa mema, utajiona mshtakiwa aliye mbele ya hakimu mgeni.

Katika kuungama, dhambi za mauti, yaani zile nzito zilizotendwa kwa kujua na kwa hiari, hutajwa kwa aina na idadi. "Nimekosa kwa ulimi" haitoshi; ni matusi, uongo au kuchafua jina la mtu? Mara ngapi, kwa makadirio ya kweli? Uliyosahau kwa nia njema imesamehewa pamoja na nyingine, uitaje utakaporudi. Uliyoificha kwa makusudi inabatilisha ungamo lote. Padre amefungwa na siri ya maungamo bila nafasi ya kuifungua.

Juu ya kujuta: majuto kamili yanatokana na kumpenda Mungu, yasiyo kamili yanatokana na ubaya wa dhambi wenyewe au hofu ya adhabu. Hayo ya pili hayadharauliwi. Yanatosha kumfikisha mtu kwenye sakramenti, na neema inafanya yaliyobaki. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaokaa mbali miaka kwa kuwa "sijisikii uchungu wa kutosha". Machozi si sharti. Nia ndiyo sharti.

Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliweka kwamba kila mwamini aungame walau mara moja kwa mwaka. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, kisigeuzwe ratiba.

---

MzeeWaKanisa

Ahsante sana, katekista. Nitaje tofauti moja ili wasomaji wasichanganyikiwe. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo Walutheri tunalishika, kifungu cha 11 linahifadhi ondoleo la faraghani, yaani mtu kutangaziwa msamaha akiwa peke yake na mchungaji, lakini linasema kuorodhesha dhambi zote si lazima, kwa sababu Zaburi 19:12 inauliza ni nani awezaye kuyatambua makosa yake. Kifungu cha 12 kinaigawa toba sehemu mbili: hofu inayoipiga dhamiri kwa kuijua dhambi, na imani inayozaliwa na Injili. Ile sehemu ya pili ndiyo aliyoikosa Yuda.

Lakini kwa mtu aliyezoea "kama nimekosea", hata sisi tunamshauri ataje, na ataje kwa usahihi.

---

MamaWaMaombi

Shalom wapendwa. Naona swali la unyenyekevu limeguswa likaachwa, basi nilishike hilo na lile la dhambi inayojirudia.

Mwanangu, umeuliza kama unyenyekevu ni hali ya moyo au ni kitu cha kufanya. Petro anajibu kwa lugha ya nguo: "jifungeni unyenyekevu" (1 Petro 5:5). Kitenzi alichotumia ni cha kujifunga kitambaa cha kazi, kama mtumishi anavyojifunga. Petro alikuwepo usiku ule Bwana alipojifunga kitambaa kiunoni akamimina maji katika bakuli. Ni tendo, na moyo unafuata humo humo.

Kisha soma mistari ya 6 na 7 bila kuikata, maana kwenye kadi na kuta imekatwa vipande viwili. "Nyenyekeeni chini ya mkono wa Mungu ulio hodari... huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote." Hilo "huku" ndilo linalounganisha. Namna ya kunyenyekea ni kumtwika mzigo. Anayebeba hofu zake zote mwenyewe, hata akiwa ameinamisha kichwa, bado anajifanya mungu mdogo wa maisha yake.

Sasa, unyenyekevu una bandia zake, na bandia zinafanana sana na halisi.

Ya kwanza ni kujidharau. Mtu aliyepewa sauti nzuri anasema "mimi siwezi kuimba". Huko ni kusema uongo juu ya kazi ya Mungu. Unyenyekevu ni kukubali ukweli wote: nimepewa, na nimepewa bure.

Ya pili ni ile ya Wakolosai 2:23, unyenyekevu wa kujitungia, kuutesa mwili kwa sheria za kubuni. Paulo anasema ina sura ya hekima, lakini haifai kitu katika kuzizuia tamaa za mwili. Farisayo wa Luka 18 alikuwa hapo. Torati ilidai siku moja tu ya kujitesa nafsi kwa mwaka, Siku ya Upatanisho (Walawi 16:29). Yeye alifunga mara mbili kwa juma. Akahesabu, akamwonyesha Mungu hesabu, akamwonyesha na jirani wa kujilinganisha naye. Mtoza ushuru aliyekuwa akisali hekaluni wakati uleule hakuwa na jirani katika sala yake. Alisimama mbali, hakuinua macho, alijipiga kifua, na neno alilotumia, "uniwie radhi", lina shina moja na neno la kiti cha rehema, mahali pa kunyunyizia damu. Aliomba afunikwe.

Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: kukataa kupokea. Petro alisema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Inasikika kama heshima, sivyo? Yesu akamjibu kwamba kama hatamtawadha, hana shirika naye. Mwana mpotevu naye alitoka na hotuba yenye sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana, nifanye kama mmoja wa watumishi wako (Luka 15:18–19). Hesabu alichosema alipofika, mstari wa 21. Ile sehemu ya tatu haipo. Baba ameshaita watumwa walete vazi. Kijana alikuja na mpango wa kulipa deni kwa kufanya kazi, na baba hakuusikiliza hata ukafika mwisho. Mtu anayesema "Mungu amenisamehe ila mimi siwezi kujisamehe" mara nyingi bado ameushika ule mpango wa utumishi. Aachie hapo. Avae vazi.

Kipimo cha unyenyekevu wa kweli usikitafute kwenye maombi, kitafute mtu mdogo kwako anapokurekebisha, tena akiwa nusu sahihi. Pokea ile nusu.

Juu ya dhambi inayojirudia. Bwana alisema katika Luka 17:4 kwamba ndugu yako akikukosa mara saba katika siku moja, na kurudi kwako mara saba akisema "Nimetubu", msamehe. Hakutudai sisi huruma inayozidi ya kwake. Na usiku ule wa kutawadha alisema aliyekwisha kuoga hana haja ila ya kutawadha miguu (Yohana 13:10). Kuoga ni mara moja. Miguu ni kila siku, kwa sababu tunatembea. Anayerudi kila wiki akiwa anapigana, miguu yake inatawadhwa. Wa kumwogopea ni yule aliyepanga kurudi kwenye dhambi kabla hajasema amina.

Lakini pia achunguze kwa nini inarudi. Mara nyingi sababu ni mbili. Mlango haukufungwa: Warumi 13:14 inasema tusiuangalie mwili hata kuwasha tamaa zake, yaani usiutengenezee nafasi. Je, ni saa ngapi inatokea? Akiwa wapi? Na nani? Baada ya nini, uchovu, hasira, upweke? Aandike kwa wiki mbili. Mlango utaonekana, mara nyingi saa moja au mbili kabla ya dhambi yenyewe. Hapo ndipo pa kufunga. Aliyengoja mpaka jaribu limekaa kitandani amechelewa.

Sababu ya pili, nyumba imefagiwa ikaachwa tupu (Mathayo 12:43–45), na aliyetoka amerudi na saba wengine. Paulo hatoi amri ya kuacha peke yake. Soma Waefeso 4:28: mwivi asiibe tena, bali afanye juhudi kazi kwa mikono yake, apate kumgawia mhitaji. Hatua tatu. Mkono uliokuwa ukichukua haukuachwa mtupu, umefundishwa kutoa. Mwenye ulimi wa kusengenya asiishie kunyamaza. Kila anayemkumbuka kwa ubaya, amtafutie jema moja la kweli na kulisema mbele ya watu.

Na amwambie mtu mmoja mwaminifu, Yakobo 5:16. Dhambi ya siri inayojirudia haifi ikiwa peke yake gizani.

---

MwalimuWaMaandiko

Mama, ile hotuba ya mwana mpotevu umeifungua vizuri sana.

Limebaki lile la kudaiwa na binadamu. Torati ina hesabu kamili. Aliyeiba kondoo akamchinja au kumwuza hulipa kondoo wanne, na kwa ng'ombe hulipa watano (Kutoka 22:1). Mnyama akikutwa hai mkononi mwake, hulipa wawili (22:4). Lakini aliyedhulumu, au aliyekana amana, au aliyeokota kitu akaapa hakukiona, akajitambua na kuungama, hurudisha kitu chote na kuongeza sehemu ya tano (Walawi 6:1–5, Hesabu 5:6–7). Aliyedhulumu mia alirudisha mia na ishirini. Na alimpa mwenyewe siku ileile ya kuitoa sadaka ya hatia. Bwana anafuata mpangilio huo katika Mathayo 5:24: acha sadaka yako mbele ya madhabahu, enda kwanza ukapatane na ndugu yako, kisha urudi.

Kwa hesabu hiyo mwone Zakayo, mkuu wa watoza ushuru katika Luka 19. Aliyejileta mwenyewe alidaiwa sehemu ya tano tu. Yeye alisema mara nne, hukumu ya mwizi wa kondoo, ileile ambayo Daudi aliitamka juu ya yule tajiri katika 2 Samweli 12:6 kabla hajajua kwamba tajiri ni yeye. Tena nusu ya mali kwa maskini. Na angalia mpangilio: Yesu alijialika nyumbani mwake kwanza. Malipo hayakununua msamaha, yalitoka ndani ya furaha ya kupokelewa.

Tahadhari mbili za kiutendaji. Msamaha wa Mungu haufuti wajibu wa kisheria. Mwizi msalabani alikiri kwamba anapokea malipo ya haki (Luka 23:41), akaahidiwa peponi, na bado alikufa msalabani. Na kama uliyemkosea ni mtu uliyemwumiza vibaya, usimlazimishe kukuona ili wewe upate amani. Pitia kwa mtu anayemwamini, na uwe tayari kusikia "sitaki". Msamaha si lazima urudishe ukaribu wa zamani, na anayedai aaminiwe upya mara moja bado anasimama pale alipokuwa Sauli, anataka heshima mbele ya wazee.

---

MwanafunziWaNeno

Mwalimu, mama, mzee, katekista, Mungu awabariki. Ile sehemu ya hotuba iliyokatizwa sikuwahi kuiona.

Naomba moja la nyongeza. Je, kama aliyekosewa amekwisha kufa, au hajulikani alipo? Na kama kilichochukuliwa si mali, ni jina lake zuri?

---

Katekista

Kwa mali, fungu lipo moja kwa moja: Hesabu 5:8. Malipo yaende kwanza kwa jamaa wa karibu wa marehemu. Kama hakuna jamaa wa kupokea, yalipwe kwa Bwana, yaani yapewe kuhani. Kanisa linafuata njia hiyohiyo: warithi kwanza, wasipopatikana, maskini. Asibaki nayo aliyedhulumu, hata kwa kisingizio kwamba mwenyewe hayupo. Kama kulipa kwa mara moja kunazidi uwezo wake, apange kidogo kidogo na aanze sasa na kiasi alichonacho. Asiye na kitu kabisa haachiwi nje ya msamaha, ila nia ya kulipa ibaki hai mpaka uwezo utakapopatikana.

Jina ni gumu zaidi, maana halina sehemu ya tano ya kuhesabu. Anayelirudisha anawaendea walewale waliosikia. Kama alisema mbele ya watu watatu, ni watatu. Kama ni uongo, anasema wazi: "Nililosema juu yake halikuwa kweli, nalijua." Kama ni kweli lakini ya siri isiyompasa kuitoa, hawezi kusema ni uongo, kwa hiyo anasema alikosa kuitoa, na anaanza kutaja mema ya mtu huyo anayoyajua. Na ikiwa mmoja wa wale watatu alikwisha kuipeleka kwa wengine, anamwomba amtajie hao wengine, naye anawafuata.

---

MzeeWaKanisa

Na awafuate kabla ya kuwaombea. Wengi hupanga kinyume, wakaishia kuomba tu.